Kabla ya Kuukataa Upepo wa Karamoja

Kwenye mabishano ya umeme hapa Uganda, upepo humalizwa kwa sentensi moja: "Sisi hatuna upepo." Anayeisema huwa na uhakika, wanaomsikiliza huitikia, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mabwawa, kwenye jua, na siku hizi kwenye nyuklia ya Buyende. Nimeisikia kwa wahandisi, kwa madereva wa malori ya Malaba, hata kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, kwetu Mbale. Sehemu kubwa ya sentensi hiyo ni kweli. Lakini kazi yangu ni pampu za maji, na imenipeleka Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, tangu nikiwa kijana wa kumbebea spana fundi mkubwa. Nikisimama pale Januari, vumbi likipiga mabati ya maduka tangu alfajiri hadi usiku, najua kuna kona moja ya nchi hii ambayo sentensi hiyo haijaipima.

Nianze na ukweli wake, kwa sababu wapenzi wa upepo nao hupenda kuuruka.

Nguvu ya upepo haifuati kasi kwa hatua sawa. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane, maana unazidisha kasi kwa kasi, kisha kwa kasi tena. Chukua eneo la mita moja ya mraba lililosimama wima, hewa ipite ndani yake. Upepo wa mita 3 kwa sekunde unapitisha hapo takriban wati 15, nguvu ya taa moja ya kubana matumizi. Ukifika mita 6, zinapita wati kama 120. Ukifika mita 11, zinapita zaidi ya 700. Na hakuna mtambo unaoweza kuzikamata zote. Mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alionyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba kikomo ni kama asilimia 59, kwa sababu hewa ikinyang'anywa nguvu yote itasimama nyuma ya mapanga ya mtambo na kuiziba njia ile inayofuata.

Sasa weka Uganda kwenye hesabu hiyo. Sera ya serikali ya mwaka 2007 kuhusu nishati jadidifu ilitaja kasi ya mita 2 hadi 4 kwa sekunde kwa sehemu kubwa ya nchi. Mitambo mingi mikubwa haianzi hata kuzalisha kabla ya mita 3 au 4. Kwa hiyo Kampala, Masaka, Mbarara, Lira, hakuna hoja. Ukiletewa mtambo mdogo wa upepo wa kufunga juu ya paa la nyumba yako Ntinda au Kireka, weka pesa yako mfukoni, kanunue paneli za sola. Jua la nchi hii linatupa kwa wastani kilowati-saa 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku, karibu mwaka mzima, na halihitaji mnara.

Hapo wengi huishia. Mimi nauliza: mita 2 hadi 4 zilipimwa wapi, na kwa urefu gani?

Sera yenyewe inasema vipimo hivyo ni vya chini ya mita 10 kutoka ardhini. Vilikusanywa na vituo vya hali ya hewa kwa mahitaji ya utabiri wa mvua, kilimo na ndege. Kituo cha namna hiyo kinaweza kuwa pembeni ya mji, kuna miti, kuna majengo, na kipimo chake kinatosha kabisa kwa kazi iliyokusudiwa. Hakikukusudiwa kumweleza mtu upepo ukoje kwenye mnara wa mita 80 juu ya uwanda mtupu. Upepo huongezeka kadiri unavyopanda kutoka ardhini, kwa sababu chini unakwaruzana na vichaka, mawe na mabanda. Kwa kanuni wanayotumia wahandisi kwa makadirio ya haraka, mita 4 kwenye urefu wa mita 10 zinaweza kuwa zaidi ya 5 kwenye mita 80. Mita moja na kitu inaonekana ndogo. Lakini kumbuka ile hesabu ya kasi kwa kasi kwa kasi: nguvu imeshazidi maradufu.

Halafu kuna jiografia. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna uwazi mpana wa ardhi ya chini. Hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi inasukumwa kupita hapo, inabanwa, inaongeza kasi. Wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo wa Turkana. Kule Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, Wakenya wamesimamisha mitambo 365 ndani ya mkondo huo, jumla megawati 310, ikazinduliwa rasmi Julai 2019. Ni upepo wa mita 11 hivi kwa wastani, mojawapo ya upepo bora wa nchi kavu duniani.

Karamoja haiko katikati ya mkondo huo. Sisi tuko juu ya gema, upande wa magharibi, ambako ardhi inapanda ghafla kutoka kwenye joto la Turkana hadi Moroto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mtu mwenye akili anayetarajia Loiyangalani nyingine pale Rupa au Nadunget. Kasi inayotajwa kwa sehemu zetu zilizo wazi, kuanzia vilima vya Elgon hadi Karamoja, ni kama mita 6. Tena hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo mtambo ule ule unapata pungufu ya zaidi ya sehemu ya kumi ukilinganisha na pwani. Yote hayo nayakubali. Lakini mita 6 si mita 3. Kati yake kuna tofauti ya mara nane, na ndiyo tofauti kati ya kufunga mjadala na kuufungua.

Kuna swali la haki linalofuata: kwa nini tuhangaike? Bwawa la Karuma lilizinduliwa Septemba 2024, megawati 600, karibu sawa na mabwawa ya Nalubaale, Kiira na Bujagali yakiwekwa pamoja. Nchi ina mitambo ya zaidi ya megawati 2,000. Kwa muda tumekuwa na umeme mwingi kuliko tunaoweza kuufikisha kwa watu. Anayeongeza mitambo mingine anaongeza nini?

Jibu langu liko kwenye ramani. Nalubaale 180, Kiira 200, Bujagali 250, Isimba 183, Karuma 600. Hizo ni megawati 1,413, kama thuluthi mbili ya nguvu yote tuliyonayo, na zote zimepangwa kwenye maji yale yale ya Nile, yanayotoka Ziwa Victoria kupitia mlango mmoja pale Jinja. Tone linalopita Nalubaale au Kiira ndilo litakalopita Bujagali, kisha Isimba, kisha Karuma. Mlango huo ukipata shida, kila kituo kilicho chini yake kinaihisi.

Na shida tumeiona. Nilikuwa Kampala mwaka 2006. Ukame ulikuwa umepunguza maji ya Ziwa Victoria, na juu ya ukame, vituo viwili vya Jinja vilikuwa vimeachia maji mengi kuliko utaratibu uliokubaliwa tangu enzi za kujengwa kwa Owen Falls, ndiyo Nalubaale ya leo. Ziwa likashuka, umeme ukashuka nalo. Tukaingia kwenye mgao: leo mtaa huu una umeme, kesho hauna. Jenereta zilinguruma Wandegeya mpaka usiku wa manane na moshi wake ukaingia vyumbani. Mafundi wa kuchomelea pale Katwe walilala mchana wakafanya kazi usiku, saa umeme unaporudi. Mama zetu wa saluni walifunga milango. Serikali ikakodi mitambo ya dizeli ikawekwa Lugogo, na mafuta yale yaliyoletwa kwa malori kutoka Mombasa yakalipwa na sisi kwenye bili. Bei ya yuniti ilipanda mno mwaka ule, na sijaona ikirudi ilikotoka.

Miaka kumi na minne baadaye shida ikaja kwa sura nyingine. Aprili 2020 ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi, na kisiwa cha majani na udongo kinachoelea kikasukumwa hadi kwenye mitambo ya Jinja. Nchi nzima ikazimika. Mwezi uliofuata kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Agosti 2022 maji yakaingia kwenye jengo la mitambo la Isimba, kituo kikasimama, mgao ukarudi. Ukame, mafuriko, hitilafu: sababu tatu tofauti, mto mmoja.

Sisemi haya kuudharau Nile. Huo mto ndio uliotulea, na umeme wake ni safi kuliko dizeli mara nyingi mno. Nasema nchi inayotegemea mlango mmoja inapaswa kuwa na milango mingine, hata kama ni midogo. Tumeanza kuifungua. Soroti ilipata kituo cha sola cha megawati 10 mwishoni mwa 2016, Tororo ikafuata, kisha Kabulasoke kule Gomba ikaja na megawati 20 mwaka 2019. Kakira inachoma makapi ya miwa na kuuza umeme kwenye gridi. Joto la ardhini limetafutwa Katwe ya Kasese, Buranga, Panyimur na Kibiro, pale ambapo wanawake wamekuwa wakitengeneza chumvi kwa maji ya chemchemi za moto kwa vizazi vingi. Kwenye orodha hiyo upepo wa Karamoja hauombi kiti cha mbele. Unaomba kupimwa.

Na kuna faida moja ambayo wabishi wa pande zote mbili huisahau. Wanaoukataa upepo husema hautabiriki: unavuma ukitaka, unakoma ukitaka. Ni kweli, na kwa nchi isiyo na mabwawa hilo ni tatizo kubwa. Sisi tunayo mabwawa. Upepo unapovuma usiku, unaweza kupunguza maji yanayopita kwenye mitambo, ukayaweka nyuma ya ukuta, ukayatumia jioni inayofuata watu wakipika na kuwasha taa. Kuna mipaka, maana mabwawa yetu si makubwa sana na mtiririko wa Nile una kanuni zake kwa ajili ya nchi zilizo chini. Hata hivyo nchi yenye mto na upepo iko kwenye hali nzuri kuliko nchi yenye upepo mtupu. Tena tumeunganishwa na Kenya kwa waya wa Tororo tangu miaka ya 1950, tuliwauzia umeme wa Owen Falls tangu enzi hizo. Saa ambazo Turkana inavuma sana na Nairobi imelala, sioni kwa nini umeme huo usije huku, na wetu uende kwao jioni.

Sasa nije kwenye upepo ninaoujua kwa mikono.

Karamoja imekuwa na pampu za upepo kwa miaka mingi. Aliyewahi kusafiri kule ameziona: mnara wa vyuma, gurudumu la mapanga mengi ya bati, mkia unaoligeuza kuufuata upepo. Ndani ya kichwa chake kuna gia zinazooga mafuta. Kutoka hapo fimbo ndefu inashuka ndani ya bomba hadi kwenye silinda iliyo chini ya maji. Gurudumu likizunguka, fimbo inapanda na kushuka, na kila ikipanda inavuta maji. Wingi wa mapanga unalifanya gurudumu lizunguke polepole lakini kwa nguvu, ndiyo maana pampu hizi zinaanza kazi kwa upepo wa mita 3 tu, upepo ambao mtambo wa umeme hauushughulikii. Hata ile sera ya 2007, iliyokuwa baridi kuhusu upepo wa umeme, iliona nafasi yake kwenye maji.

Na msimu wake unakubaliana na mahitaji. Mvua ikikata, mito ya mchanga ikikauka, wanawake wakianza kuchimba mchanga kwa mikono kutafuta maji, ndipo upepo unapopata nguvu. Desemba, Januari, Februari: kiangazi cha Karamoja ni kiangazi cha vumbi na upepo. Mashine inazunguka zaidi wakati ule ule ng'ombe wanapokuwa na kiu zaidi. Ni vitu vichache sana katika kazi yangu vinavyopangika vizuri hivyo vyenyewe.

Mbona basi nyingi zimesimama? Watu wa mjini hudhani upepo uliisha. Kinachoziua ni vitu vidogo. Mafuta ya gia hayabadilishwi, meno yanasagika. Vikombe vya ngozi ndani ya silinda vinalika, maji yanarudi chini badala ya kupanda. Boliti za mkia zinalegea, gurudumu linashindwa kujigeuza dhoruba ikija, panga moja linapinda, linatikisa mengine. Kila kimoja cha hivyo kinatengenezeka. Lakini lazima mtu apande juu, lazima awe amelipwa, na lazima kipuri kipatikane. Moroto hakipatikani. Mbale mara chache. Nairobi ndiyo. Nimekuta kijiji ambacho pampu yake ilisimama msimu mzima wa kiangazi kwa kukosa kipuri chenye bei ndogo kuliko mbuzi mmoja, huku wasichana wakitembea nusu siku na madumu. Waliojenga mnara ule walikuwa wamepiga picha, wakaondoka. Kamati ya maji iliachiwa mashine bila kuachiwa fundi. Hilo huniumiza kuliko hoja yoyote ya wapinga upepo.

Kisha bei ya sola ikaanguka, na hapa lazima niwe mkweli kwa wenzangu wanaoupenda upepo kama mimi. Pampu ya sola ina paneli, kidhibiti na pampu ya kuzamishwa. Hakuna wa kupanda mnara, hakuna gia, hakuna fimbo ya kukatika ndani ya kisima. Kamati ya maji ikiniuliza leo, kwa vijiji vingi nitawaambia: wekeni sola. Ina maradhi yake. Radi inaunguza kidhibiti, vumbi linapunguza nguvu ya paneli zisipooshwa, na paneli zisipozungushiwa uzio na kulindwa zinaibiwa. Hata hivyo kijana wa hapo hapo kijijini anaweza kufundishwa kuihudumia kwa muda mfupi, na vipuri vinafika Mbale na Soroti.

Ninapotofautiana na wenzangu wa sola ni pale wanapong'oa minara mizima na kuiuza chuma chakavu. Kwenye njia ya kwenda Nadunget mzee mmoja mfugaji aliniuliza kwa nini wameondoa gurudumu lililokuwa linamjazia birika usiku, wakamwachia paneli zinazolala jua likizama. Nilimweleza habari za tangi: maji ya mchana huwekwa, hunywewa usiku. Akaniuliza tangi lenyewe lina ukubwa gani, na ng'ombe wanaoshuka hapo kiangazi ni wangapi. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Tangi lilipimwa kwa watu wa kijiji, halikupimwa kwa mifugo inayokuja kutoka mbali msimu wa ukame. Pale ambapo mnara bado ni mzima na kisima kina maji ya kutosha, upepo wa usiku na jua la mchana vinaweza kujaza birika moja. Gharama ni ya ukarabati tu, mnara ulishajengwa.

Tukirudi kwenye mitambo mikubwa, ile ya umeme, jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya kasi ya upepo ni ardhi.

Majirani zetu wametuonyesha. Mradi wa Loiyangalani ulipewa ekari 150,000 za ardhi ambayo jamii za wafugaji walikuwa wakiitumia pamoja. Mitambo inakaa sehemu ndogo tu ya eneo hilo, na mifugo inaweza kupita katikati yake. Lakini watu walikwenda mahakamani wakisema hawakushirikishwa inavyotakiwa, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile zilipatikana kinyume cha sheria, ikatoa muda wa kurekebisha. Mitambo ilikuwa imeshajengwa miaka kadhaa kabla. Na kabla ya hapo kulikuwa na hasara nyingine: mitambo ilimalizika 2017, waya wa kilomita 438 kwenda Suswa haukuwa tayari hadi 2018, na faini ya ucheleweshaji ikaishia kwa mlipa bili wa Kenya.

Karamoja ina kila kitu kinachoweza kuleta kesi ya namna hiyo. Ardhi nyingi ni ya jamii. Mfugaji hamiliki kipande chenye uzio. Anamiliki haki ya kupita, ya kunywesha, ya kurudi msimu fulani. Haki hiyo haionekani kwenye ramani ya mpimaji anayekuja na gari siku mbili. Watu wa Rupa tayari wameshughulika na makampuni ya marumaru na dhahabu, wameona malori yakishuka na mawe yao, na wameunda chombo chao cha kusimamia ardhi ya jamii. Anayetaka upepo wa Rupa aanze hapo, kabla hajaenda kutafuta sahihi Kampala.

Tena tusidhani ni upepo pekee unaochukua kitu. Bujagali ilizamisha maporomoko ambayo Basoga waliyaheshimu kama makao ya roho yao, na tambiko zilifanywa kuihamisha kabla maji hayajapanda. Mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba kuna kampuni inaomba kibali cha kuchunguza bwawa ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, waongoza watalii na wananchi wa kawaida walipaza sauti nchi nzima. Niliwaunga mkono. Yale maporomoko yakizama, hakuna bei ya yuniti itakayoyarudisha. Mtambo wa upepo, ukishazeeka, unafunguliwa boliti unaondolewa, na malisho yanabaki pale pale. Hiyo kwangu ni hoja nzito upande wake.

Habari za ndege nazo zisipuuzwe. Bonde la Ufa ni njia ya korongo na tai wanaohama kati ya Afrika na Ulaya, na tumbusi wetu wanapungua kwa sumu na njaa tayari. Kipeto, mradi wa megawati 100 kule Kajiado, uliweka watu wa kuwatazama tumbusi wakikaribia ili mitambo isimamishwe wapite. Inawezekana kufanyika. Lakini iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, maana ikiachwa iwe hisani itakatwa siku bajeti ikibana.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni fupi kwa sababu kila mama wa nchi hii analijua. Nishati nyingi tunayotumia Uganda bado ni kuni na makaa. Tunabishana upepo au bwawa, lakini jioni sigiri ndiyo inayowaka. Mei 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya makaa kaskazini kwa sababu miti ya Acholi ilikuwa inaondoka kwa malori, mishea ikiwemo. Mamlaka ya kudhibiti umeme nayo ilikuwa imeshaweka bei nafuu ya kupikia, wakati huo shilingi 412 kwa yuniti, kuanzia yuniti ya 81 hadi ya 150 ya mwezi. Ni hatua nzuri kwa mwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, anayeweza kuvuka yuniti 80. Mwanamke wa Napak anayeuza kuni kando ya barabara hana mita. Kwake swali la kwanza ni waya, na waya mkubwa uko karibu kuliko zamani: laini ya kilovolti 132 kutoka Opuyo, Soroti, imeshafika Moroto. Umeme unaweza kuingia Karamoja kwa laini hiyo, na ukizalishwa kule unaweza kutoka kwa laini hiyo hiyo. Kinachokosekana ni vijiwaya vidogo vya kushuka hadi vijijini.

Kwa hiyo ninachoomba kina gharama ndogo. Minara ya kupimia upepo yenye urefu wa mita 80, michache tu, isimamishwe sehemu za wazi kuanzia Rupa hadi chini ya mlima Kadam, ipime mwaka mzima bila kukatika, mchana na usiku, kasi na mwelekeo kwa kila urefu. Takwimu zake ziwe za umma. Zikibaki kwenye kabati la mwekezaji, tutabaki kubishana kwa kubahatisha miaka ishirini mingine. Zibandikwe kwenye ofisi za kaunti ndogo kwa Ngakarimojong na kwa Kiswahili, ili mzee wa Nadunget aone upepo wa usiku aliokuwa akinieleza una kasi gani. Pamoja na vipimo hivyo, wachungaji wenyewe wachore njia zao za mifugo na sehemu za kunyweshea, msimu kwa msimu, na ramani hiyo iwe na uzito ule ule wa ramani ya upepo.

Vipimo vikionyesha mita 4, nitakuwa wa kwanza kusema tuweke paneli na tuache. Vikionyesha 6 au zaidi, watu wa Karamoja watakuwa na namba mkononi kabla mtu yeyote hajaja na mkataba. Upepo wa kiangazi huanza Novemba. Mnara ukisimama kabla ya hapo, msimu mmoja mzima utakuwa umeandikwa kufikia mvua za Aprili.